Sebule Isiyowahi Kufiwa

Nchi yetu jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kwetu hakuna anayeogopa, tumekatazwa. Anayeijua ataitambua, na asiyeijua namwachia raha zake. Mimi ni karani tu. Nilikuwa katibu wa Kamati Maalumu ya Kuipa Sebule Haiba, na ninayoyaeleza hapa yote yamo kwenye kumbukumbu za vikao, isipokuwa yale ambayo mwenyekiti aliniamuru niyafute. Hayo nitayaeleza pia, kwa kuwa kuyafuta nimeshayafuta na amri imetekelezwa.

Basi, Waziri wetu wa Makazi Bora na Furaha ya Kaya, Mheshimiwa Makolobela, alijenga nyumba juu ya Kilima cha Heshima. Nyumba jamani! Sebule peke yake ilikuwa na ukubwa wa shule ya msingi, na hili nalisema kwa uhakika, maana pale palikuwa na shule ya msingi. Makochi yaliletwa kwa meli kutoka ng'ambo, yakashushwa kwa winchi kabla ukuta wa mbele haujasimama. Ukuta ukaja baadaye, ukayafungia ndani. Fundi mkuu aliwahi kuuliza, "Na siku yakitaka kutoka?" Akajibiwa kwamba makochi ya waziri hayana safari. Fundi huyo siku hizi anachonga mihuri, tena gerezani.

Siku ya kuzindua sebule alikuja Mtukufu mwenyewe, mkuu wa nchi. Kwetu sebule huzinduliwa, msicheke. Kuna utepe, kuna mkasi, kuna kwaya. Mtukufu alikaa. Akatazama juu, akatazama kushoto, akatazama kulia, na sisi tuliosimama ukutani tukaacha kupumua ili tusimsumbue. Mwisho akasema, "Hapa hapana haiba." Akainuka. Juisi yake ya ukwaju akaiacha imejaa mpaka ukingoni.

Mheshimiwa Makolobela alishika ukuta. Waziri aliyemtangulia naye aliachiwa juisi. Leo ni balozi wetu kwenye kisiwa chenye mnara wa taa na mbuzi wawili, na inasemekana mbuzi mmoja ndiye mkubwa wake wa kazi.

"Nitarudi baada ya siku arobaini," alisema Mtukufu akiwa mlangoni, kwa upole ule wake unaoharisha watu.

*

Kamati ikaundwa jioni ileile. Mwenyekiti alikuwa Profesa Mlekwa, msomi mkubwa, ambaye shahada yake ya tatu aliandika kuhusu mito ya makochi. Tulikwenda ng'ambo wiki moja na nusu kutazama sebule za wenzetu. Kwa kuwa hatukumjua mtu huko, tulizitazama kupitia madirishani. Mara mbili tulikamatwa na polisi, jambo linaloonyesha jinsi wenzetu wasivyothamini utafiti.

Tuliporudi tuliandika ripoti ya kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ilisema hivi: haiba hainunuliki dukani. Haiba hukaa kwenye vitu ambavyo watu wamevikalia, wameviegemea na kuvishika miaka mingi. Na uchunguzi wetu ulibaini kwamba wakazi wa Bondeni, kule chini ya kilima, wana haiba nyingi kupita mahitaji yao. Ripoti iliiita haiba ya ziada. Mheshimiwa alipofika kwenye neno hilo alilipigia mstari mara mbili, akatupa gari.

Bondeni tulishukia kwa Mzee Chande Mbaruku, fundi seremala aliyestaafu, mtu aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa ule. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kifuani miaka hamsini, na sasa alikuwa amelala sebuleni kwake, kwenye kochi, anakohoa. Mkewe, Bi Siwema, ndiye aliyetupokea.

"Karibuni, karibuni ndani. Usikae hapo baba, hapo pana mguu mbovu. Kaa hapa."

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba wanangu." Akainua kichwa kidogo. "Ni watu wa hospitali?"

"Sisi ni watu wa haiba," akasema Profesa.

"Ahaa." Alikohoa kwa muda mrefu. "Maana hospitali niliwaandikia barua mwaka juzi."

Bi Siwema akatuletea chai. Hakuulizwa kitu, lakini unajua watu wa Bondeni, wao humweleza yeyote aliyekaa. Alisema mumewe ameomba jambo moja tu: siku yake ikifika, imkute palepale, kwenye kochi alilolichonga kwa mkono wake mwaka waliooana, chini ya bati lake. Hakutaka kufia kwenye korido ya hospitali. "Nimemwahidi," alisema, akimfuta jasho. "Nikishindwa yote, hilo sitashindwa." Nami nikaandika pembeni ya karatasi yangu: *kochi, lina historia, lichukuliwe.*

Tulichukua kochi, tukamhamishia Mzee Chande kwenye mkeka kwa heshima zote. Tulichukua vitambaa vyeupe alivyofuma Bi Siwema. Tulichukua kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi ambavyo havijawahi kunywewa, na kalenda ya miaka kumi na moja iliyopita waliyoiacha ukutani kwa sababu ya picha ya maporomoko. Kisha Profesa akaona ukutani, juu ya mahali kochi lilipokuwa, doa la mafuta ya nywele, pale Mzee Chande alipokuwa akiegemeza kichwa jioni kwa miaka yote hiyo. Akalisogelea. Akalinusa.

"Kateni," akasema. Mafundi wakakata kipande cha ukuta.

Mwisho ilikuwa fremu ya mlango. Ilikuwa na alama za penseli, urefu wa watoto: Zaituni, Mbaruku, Rehani. Alama za Zaituni na Mbaruku zilipanda mpaka juu. Za Rehani ziliishia usawa wa kitasa.

"Huyu wa tatu mbona hakuendelea?" akauliza Profesa.

"Surua," akasema Bi Siwema.

Profesa alifumba macho. Nilimwona kabisa ameguswa. "Hii sasa ndiyo haiba yenyewe," akasema. "Ng'oeni fremu."

Bi Siwema aliikumbatia ile fremu, akasema maneno ambayo niliyafuta. Tulimbandua taratibu, kidole kimoja kimoja, bila kumuumiza hata kimoja. Tukampa risiti iliyoandikwa kwamba ametoa kwa hiari yake na kwa furaha. Mvua ya kwanza ilipokuja, ukuta usiokuwa na kipande na mlango usiokuwa na fremu vilishindwa kulishika bati, nyumba ikalala chini. Mzee Chande alikuwa ameshabebwa hadi kibarazani kwa jirani, hakuiona ikianguka. Hilo halikuwa jukumu la Kamati.

*

Vitu vikapangwa kwa Mheshimiwa. Fremu iliegemezwa ukutani, kipande cha ukuta kikatundikwa kwenye ukuta mwingine, vitambaa vikatandazwa juu ya makochi ya ng'ambo. Bibi Mheshimiwa, mke wa Waziri, akaingia, akapiga chafya saba, akauliza kama stoo imehamia sebuleni. Kutoka kwenye kasri la Mtukufu akaja Mpimaji wa Haiba, mzee mwembamba mwenye mkoba. Alikaa dakika nne, akatikisa kichwa.

"Vitu vina haiba," akasema. "Sebule haina."

Mheshimiwa alikesha akizihesabu siku zilizobaki. Kesho yake Profesa akaagiza Bi Siwema aletwe, avipange vitu kama vilivyokuwa kwake, pengine kulikuwa na siri kwenye mpango. Bi Siwema akapanda kilima kwa miguu. Alivipanga, akanyoosha kila kitambaa. Kisha akaenda kwenye mlango mkubwa wa Mheshimiwa, akapitisha kiganja kwenye fremu yake.

"Laini," akasema.

"Ni mbao ya ng'ambo, mama," akasema Profesa.

"Naiona. Haina hata mkwaruzo mmoja." Akatugeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mnataka haiba nyie? Milango ya kwetu imechubuliwa na makochi. Akifa mtu, makochi yanatolewa nje mbiombio, yanagonga huku, yanagonga huku, mikeka inatandikwa, watu wanakaa chini wanalia. Tulipompoteza Rehani, lile kochi liling'oa kitasa. Siku ya tatu yakirudishwa ndani hayakai tena palepale. Hapo ndipo sebule inakuwa ya watu. Hapa kwenu hapajafiwa. Fiweni kwanza, halafu mniite nije niwapangie vitambaa!"

Mwanamke huyu alikuwa amekasirika, nadhani hata nyinyi mnasikia. Alikuwa anatutukana. Lakini Profesa Mlekwa alikuwa hajawahi kutukanwa kwa lugha nyepesi namna ile, kwa hiyo hakutambua. Alitoa kalamu.

"Rudia hapo kwenye makochi kutolewa nje," akasema.

*

Kikao cha dharura kilichukua muda wa saa saba. Ajenda ilikuwa moja: kupata msiba unaofaa kwa sebule ya Mheshimiwa. Profesa alisisitiza kwamba msiba wa kukodi hautakubalika. Mpimaji wa Haiba atagundua. Anahitajika marehemu kamili, aliyefia palepale, na mtu wa kumlilia anayemlilia kweli.

Aliyetajwa kwanza alikuwa mama mkwe wa Mheshimiwa, bibi wa miaka tisini na moja aliyekuwa akiishi ghorofani na kula uji kwa mrija. Bibi Mheshimiwa akasema mama yake ana shughuli nyingi mwezi huu. Wajumbe waliulizwa kama kuna mwenye moyo wa kujitolea. Mmoja akasema angependa sana ila ana harusi ya mwanawe. Mwingine akaomba ruhusa ya kwenda msalani, na hadi leo hajarudi.

Ni mimi niliyeinua mkono. Msinitazame hivyo. Nilisema tu kwamba Mzee Chande tayari anaoana na kochi. Wajumbe walipiga makofi, na Profesa akaniambia nina jicho la mapambo.

Gari la wagonjwa likashuka Bondeni, kwa mara ya kwanza tangu nchi ipate uhuru. Watu walitoka nje kulishangaa, watoto wakaligusa. Bi Siwema alidhani ile barua ya mwaka juzi imejibiwa. Alipoelewa safari inakokwenda, alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Nilimwahidi nyumbani!"

"Mama," Profesa alimwambia kwa subira, "kochi ni lilelile. Doa la kichwa ni lilelile. Fremu ni ileile, na mwanao yumo. Sasa nyumbani ni kitu gani zaidi ya hapo?"

Mzee Chande, kutoka kwenye machela, akamwita mkewe. Alimuuliza kitu kimoja: wakimaliza haja yao, atarudi? Bi Siwema akamwambia atarudi. Alipouliza nyumba ikoje baada ya mvua ile, akamwambia ipo, imesimama, inamsubiri.

*

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mzee akaanza kupona.

Kule kilimani hakuna vumbi. Hewa yao inapitishwa kwenye mashine, inachujwa mara tatu. Mpishi wa Mheshimiwa alimpikia supu ya kongoro asubuhi na jioni, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mgeni amekuja kufa. Siku ya tano kikohozi kilipungua. Siku ya tisa akaketi. Siku ya kumi na moja akaomba randa, kwa sababu meza ya Mheshimiwa ilikuwa inayumba na hakuweza kuvumilia kuiona. Siku ya kumi na mbili, naandika kwa masikitiko, alicheka.

Daktari wa Kamati akaitwa kujieleza.

"Umempa nini mtu huyu?" Profesa akafoka.

"Sijampa kitu, Profesa. Mnajua hospitali zetu hazina dawa."

"Sasa mbona anapona?"

"Nadhani," alisema daktari, "ni kwa sababu amekula."

Mpishi akapewa onyo. Supu ikabadilishwa, ikawa supu ya kitaalamu, yaani maji yaliyopitishwa karibu na mfupa. Hata hivyo mzee aliendelea vizuri, na ukaidi huo niliuandika. Bi Siwema alikuwa akipanda kilima kila siku mchana. Mlangoni walimpekua kuhakikisha hajaficha chakula. Alikaa chini kando ya kochi, wakazungumza.

"Bati linavuja?" Mzee Chande alimuuliza siku moja, nikiwa pale.

"Halivuji."

"Pale kona ya choo?"

"Nimeweka lami."

"Aa, fundi mwanamke!" Akacheka tena. "Nikirudi nitaweka fremu mpya. Mbao ya mvule ninayo uvunguni. Nitaichora alama za Rehani upya, nazikumbuka zote."

Bi Siwema akasema vizuri, atamshikia penseli. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya banda la mbwa wa Mheshimiwa, akajifunika kanga uso mzima. Yeye wakati huo alikuwa analala kibarazani kwa jirani, na mbao ya mvule ilikuwa imeshageuzwa kuni na mtu.

Mheshimiwa mwenyewe alishuka kuzungumza na mgonjwa. Alivaa suti. Hotuba ile ninayo yote, lakini nitatoa kipande: "Mzee Chande, taifa limekuamini. Wengi waliitamani nafasi hii, wakaikosa. Serikali yako imekupa kochi, imekupa hewa, imekupa paa. Wewe unalipa taifa nini? Unalipa afya! Je, huo ndio uzalendo?"

"Nisamehe Mheshimiwa," akasema mzee. "Hata mimi sikutegemea."

*

Siku ya thelathini na tisa ya zile arobaini za Mtukufu zikaja habari kutoka kasri: Mtukufu atafika kesho saa nane mchana. Turubai lilikuwa limeshafungwa uwanjani, viti vya plastiki mia nne vimepangwa, masufuria ya pilau yako jikoni, na kadi za mwaliko wa msiba zimeshasambazwa, zenye jina la marehemu kwa maandishi ya dhahabu. Marehemu alikuwa amekaa dirishani anatazama ndege.

Profesa hakuwa mtu wa kushindwa. Kesho yake asubuhi, Alhamisi, saa nne kamili, cheti cha kifo cha Mzee Chande kilitolewa, kikiwa na mihuri mitatu. Kwetu karatasi yenye mihuri mitatu haibishaniwi na mtu, hata anayepumua. Kisha akamwita Bi Siwema pembeni.

"Saa mbili tu, mama. Afunikwe shuka, wewe ulie, Mtukufu aje aone. Akishaondoka, mchukue mumeo, uende naye kwako. Gari tutakupa."

"Mnirudishie na fremu."

"Na fremu."

"Simlilii mtu anayepumua. Ni uchuro."

"Basi jifunike tu, utikise mabega."

Bi Siwema alijifunga kanga kiunoni. Kisha akaenda kwenye kochi, akapiga magoti. "Chande," akasema, "lala tu kidogo hapa, wakufunike. Usijitikise. Jioni tunakwenda nyumbani."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi nifunike wewe," akasema mzee. Akajilaza, akakunja mikono kifuani mwenyewe, na mkewe akamvutia shuka mpaka juu ya kichwa.

Saa saba na robo Mpimaji wa Haiba akaja kukagua. Akawaona waombolezaji tuliowaleta wamesimama, hawana pa kukaa. "Makochi bado yamo ndani?" akauliza. "Huu ni msiba au ni mkutano? Yatolewe!" Wanaume kumi na wawili wakalishika kochi la kwanza la ng'ambo, wakalikokota mlangoni. Halikupita. Wakaligeuza, halikupita. Wakalisimamisha, likagoma kabisa. Mheshimiwa akaanza kulia, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kulia kwa dhati katika msiba ule.

Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka.

"Fungueni miguu," ikasema. "Ni skrubu nne tu. Mkishafungua, mlilaze ubavu, mtangulize mgongo. Linapita. Nililipima kwa macho siku ile ya kwanza."

Wanaume wakaliachia kochi. Mmoja akaingiza mkono mfukoni kutafuta bisibisi.

"Simama hapohapo!" Profesa akafoka. Akachukua cheti, akakiinua juu, kila mtu aone mihuri. "Huyu ni marehemu tangu saa nne. Kamati haipokei ushauri wa marehemu. Tukianza kufuata maneno ya maiti, kesho serikali itaendeshwa na makaburi! Vunjeni ukuta."

"Jamani, ni skrubu nne," sauti ikasema tena, kwa upole.

"Marehemu, tafadhali!"

Nyundo zikaja. Ukuta wa mbele, ule uliojengwa baada ya makochi, ulivunjwa kwa dakika ishirini. Saruji, chokaa, plasta, vyote vilipaa ndani ya sebule ile mpaka mtu hawezi kumwona aliye mbele yake. Sisi tulijifunika leso, Mheshimiwa alivalishwa barakoa mbili. Chini ya shuka mzee akaanza kukohoa. Bi Siwema akamkimbilia, lakini askari wawili wakamshika na kumkalisha sakafuni, kwa sababu ving'ora vya Mtukufu vilikuwa vimeshasikika chini ya kilima.

"Mwacheni atoke nje, anakufa!" akapiga kelele.

"Ameshakufa mama, jikaze," askari mmoja akamwambia, kijana mwenye huruma.

"Fungueni dirisha! Chande, vumilia, jioni tunakwenda! Tunakwenda Chande!"

Kikohozi kile kilikuwa kirefu. Profesa aliinama juu ya shuka mara mbili kumwomba apunguze. Mara ya tatu hakuhitaji kumwomba. Makochi yote matano ya ng'ambo yalipita vizuri kwenye tundu, hata kuligusa hayakuligusa. Mikeka ikatandikwa. Vumbi likaanza kutua.

Askari wakamwachia Bi Siwema. Alikwenda kwa magoti mpaka kwenye kochi, akafunua shuka. "Chande," akasema. "Chande, inuka, wamemaliza." Akampangusa chokaa machoni kwa ncha ya kanga, akampangusa na mdomo. "Inuka baba, nyumba haipo. Nilikudanganya. Inuka unigombeze."

Kisha akalia. Kilio kile mimi siwezi kukiandika. Nilijaribu kukiingiza kwenye kumbukumbu, kalamu ikaniangusha. Wale wanawake tuliowaleta kwa ajili ya kutikisa mabega walianza kulia na wao, kila mmoja akiwataja wafu wake. Mpishi alilia. Yule askari mwenye huruma akageukia ukuta, ukuta haukuwepo, akalia akiwa ametazama bonde.

Mtukufu aliingia kupitia lile tundu. Akasimama. Akavua viatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya popote, akaketi mkekani katikati ya watu. Alikaa kwa muda wa saa nne. Alikunywa juisi ya ukwaju glasi tatu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, akamshika Mheshimiwa Makolobela bega.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo sebule."

*

Bi Siwema aliomba amchukue mumewe akazikwe akitokea Bondeni. Profesa akamsomea cheti: marehemu amefia kwenye sebule ya Mheshimiwa, hivyo msiba ni wa Mheshimiwa, na maziko ni ya Wizara. Akaomba fremu. Akaelezwa kwamba fremu imesajiliwa kuwa mali ya kumbukumbu ya taifa, ila anaruhusiwa kuja kuitazama kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, akileta kitambulisho. Tukampa risiti nyingine. Majirani zake walimwekea Mzee Chande matanga palepale Bondeni, wakatandika mikeka juu ya kifusi. Hawakuwa na kochi la kutoa nje.

Mheshimiwa Makolobela siku hizi ni Waziri Mkuu. Profesa Mlekwa anaandika kitabu cha kiada. Na mimi, kwa lile wazo langu kikaoni, nilipewa nyumba mpya ya serikali, vyumba vitatu, vigae, maji ndani. Nikamleta mama yangu kutoka shamba. Ana miaka sabini na sita, anashinda sebuleni kwenye kiti chake anachambua mchele, na akichoka anasinzia hapohapo.

Mwezi uliopita ikatoka amri. Mtukufu ameagiza kila nyumba mpya ya serikali iwe imepata haiba kamili ndani ya siku arobaini tangu kuhamiwa. Fomu ni ya ukurasa mmoja, na ina nafasi ya jina moja tu. Asiyejaza atajaziwa.

Jana walikuja wapimaji wawili. Vijana wazuri, wana adabu, walivua viatu. Walipima sebule kwa futi, wakakagua fremu ya mlango, wakamtazama mama aliyekuwa amelala. Mmoja wao akaandika kitu pembeni ya karatasi yake. Mimi ni karani, najua vinavyoandikwa pembeni.

Mama aliamka wakiwa wameshatoka. "Akina nani hao, mwanangu?"

"Watu wa mapazia, mama."

"Afadhali," akasema, akijivutia kanga mabegani. "Humu ndani pana baridi tangu tuhamie."

Leo ni siku ya thelathini na nne tangu tuhamie. Fomu iko mezani, kalamu iko juu yake. Asubuhi hii, mama akiwa anaoga, nilifungua miguu ya makochi yangu, skrubu nne nne, nikayapima moja moja. Yanapita mlangoni bila kugusa kitu.